Hewa ya Kipilefti cha Maendeleo

Hadithi hii si ya zamani wala si ya mbali, na msomaji atakayesema anaijua nchi yenyewe atakuwa amejitaja mwenyewe. Nchi iliitwa Kwetukuzuri. Jina hilo ilipewa na kamati iliyoketi miaka mitatu, na ripoti ya kamati ina kurasa mia sita.

Katika mji mkuu wa Kwetukuzuri palikuwa na Shule ya Msingi Katikati. Mwanzoni haikuwa katikati ya chochote. Ilikuwa ukingoni mwa mji, ina uwanja wa mpira, mistari miwili ya mikorosho na kisima cha pampu. Serikali ikapitisha barabara upande wa mashariki, watu wakapiga makofi. Baada ya miaka miwili ikapita nyingine magharibi. Ya tatu ikachukua uwanja wa mpira, ya nne ikaondoka na mikorosho pamoja na kisima, kisha wahandisi wakaziunganisha zote kwa duara moja la njia nane, wakaliita Kipilefti cha Maendeleo. Shule ikabaki ndani ya duara kama kokwa ndani ya embe.

Wazazi walipolalamika kwamba watoto wao wamezingirwa, waziri mhusika alisimama bungeni akazungumza kwa uchungu. "Watu hawa hawana shukrani," alisema. "Kuna nchi ambazo mtoto anatembea maili sita kuifuata barabara. Sisi tumemletea mlangoni, tena pande zote!" Wabunge wakagonga meza, na hoja ya wazazi ikafa papo hapo.

Kwa hiyo kila alfajiri trafiki wawili walisimamisha magari kwa dakika nne, wanafunzi mia nne na kumi na mbili wakavuka kwa kukimbia, na jioni wakavushwa tena kurudi makwao. Kati ya alfajiri na jioni hakutoka mtu. Malori, mabasi na magari ya serikali yalizunguka siku nzima, yakipiga honi na kutema moshi, na moshi wenyewe ukiisha kutoka haukuwa na pa kwenda ila madarasani. Mwalimu Mkuu Ligembe, mzee mpole aliyebakiza miaka miwili astaafu, alikuwa amefundisha kwa kupaza sauti muda mrefu mno, hata nyumbani alimwomba mkewe chumvi kwa sauti ya gwaride.

Ng'ambo ya barabara, hatua mia mbili kutoka lango la shule, ilikuwapo hospitali. Humo alifanya kazi Dakta Kalunde Mihayo, mwanamke wa miaka arobaini, mganga wa vifua vya watoto. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Lakini alikuwa na macho, na macho yake yalimwambia kwamba katika kila watoto kumi waliofika kwake wakihema, saba walivaa kaptura na sketi za kahawia za Shule ya Katikati.

Mmoja wao alikuwa Semeni, msichana wa miaka tisa, binti wa mama mmoja aliyekuwa akiuza maandazi kwenye kona ya hospitali. Semeni akivuta pumzi alitoa mlio mwembamba kifuani, na wenzake walimwita Filimbi. Hakukasirika. Alikuwa msomaji hodari kuliko wote darasani kwake, na alichokuwa akikichukia ni kimoja tu: kukatizwa na kikohozi katikati ya sentensi.

"Dakta, mtoto huyu Januari alikuja kwako mara moja," mama yake alimwambia Kalunde. "Machi mara tatu. Mwezi huu nimeacha kuhesabu. Siku moja atazidiwa mle ndani mchana, na mimi nitakuwa nimesimama hapa na karai langu, namwangalia."

Kalunde hakupata usingizi kwa maneno hayo. Akaenda maktaba ya serikali, akafungua vitabu vya sheria ambavyo havijafunguliwa tangu viliponunuliwa, akakuta Sheria ya Tisa. Ilisema hivi: ikithibitika kwa utafiti, wenye sahihi ya mtaalamu, kwamba hewa ya shule imevuka kipimo cha hamsini, shule hiyo ihamishwe ndani ya siku tisini. Sheria nzuri kabisa. Ilinakiliwa kutoka nchi nyingine, na bunge liliipitisha siku ya Ijumaa jioni, kila mtu akiwa na haraka ya kwenda nyumbani.

Hapo akajua la kufanya. Alihitaji namba moja ya kweli na sahihi moja, yake mwenyewe, na watoto wale wangetoka.

*

Kufanya utafiti Kwetukuzuri si kazi ngumu. Mtafiti anahitaji vibali kumi na vinne tu. Cha kumi na nne hakitolewi mpaka utafiti uwe umezinduliwa, na hauwezi kuzinduliwa bila mgeni rasmi, na mgeni rasmi hapatikani mpaka aone kibali cha kumi na nne. Kalunde aliizunguka njia hiyo miezi mitano. Mwishowe karani mmoja akamhurumia, akamwambia aanze "kufanya mazoezi ya utafiti," kwani mazoezi hayahitaji kibali.

Akaanza mazoezi. Alivuka na watoto alfajiri, akashinda nao humo humo, akatoka nao jioni. Alikuwa na mashine ya kijivu, ukubwa wa mkate, iliyovuta hewa na kuonyesha namba kwenye kioo chake. Alikuwa pia na bomba la plastiki lenye mshale mdogo: mtoto anavuta pumzi, anapuliza kwa nguvu zake zote, mshale unapanda. Watoto wa mtaa wa vilimani, wanakoishi wakubwa, na alikokwenda kupima siku moja ili alinganishe, walipeleka mshale hadi mia tatu. Watoto wa Katikati wengi waliishia mia na sabini. Semeni alipuliza mpaka machozi yakamtoka, mshale ukasimama kwenye mia na kumi.

"Nirudie tena, Dakta," alisema. "Nilikuwa sijajiandaa."

"Inatosha, mwanangu. Umepuliza vizuri."

"Basi mbona mshale haukwenda?"

Kalunde alijifanya anaandika. Mashine ya kijivu dirishani ilikuwa ikionyesha mia na themanini.

*

Baada ya miezi miwili alipeleka wizarani taarifa ya awali. Wizara ilikuwa moja kwa mambo yote mawili: Wizara ya Barabara na Pumzi. Waliziunganisha ili kubana matumizi, na waziri wake alikuwa Mheshimiwa Balozi Injinia Fulgensi Mkatakona, mtu mwenye mwili, sauti na magari kumi na moja.

Sasa ni lazima ifahamike kwamba ofisi za Kwetukuzuri zina utaratibu wao. Kila namba inayopanda ghorofani husomwa kwa ukubwa wake. Ikiwa kubwa kuliko ya mwaka jana, aliyeileta anapongezwa. Ikiwa ndogo, anaandikiwa barua ya kujieleza. Inapimwa nini, hilo ni swali la watu wa chini. Taarifa ya Kalunde ilipanda ngazi hadi ghorofa ya tisa, na kwa kila ghorofa ilipoteza ukurasa mmoja, hata ikafika kwa waziri ikiwa na majina ya shule mbili, ya Katikati na ya vilimani, na namba zake tupu za hewa na za mshale.

Wiki iliyofuata likaja gari shuleni likiwa na cheti chenye fremu. "Shule ya Msingi Katikati," kiliandikwa, "imeongoza kitaifa katika hewa, kwa alama mia na themanini, ikifuatiwa kwa mbali na shule ya vilimani yenye alama tisa tu." Mwalimu Mkuu Ligembe alikipokea kwa mikono miwili. Katika miaka thelathini na minane ya kazi hakuwahi kupewa cheti, na mzee wa watu alilia.

"Mwalimu," Kalunde alimwambia kwa upole, "hii namba ni ya sumu."

"Najua, binti yangu," alijibu Ligembe, akiwa bado anakiangalia cheti. "Lakini fremu yake nzuri."

Nyuma ya cheti ilifuata barua. Mheshimiwa Waziri amefurahishwa mno, na anaitaka shule isibweteke, bali iongeze alama zake hadi mia tatu kabla ya mwisho wa mwaka. Ili kuiunga mkono, wizara imeagiza malori yote ya saruji na ya mkaa, yaliyokuwa yakipita barabara ya nje ya mji, yaanze kupita Kipilefti cha Maendeleo.

Malori yakaja. Kalunde alisimama dirishani akayatazama yakizunguka, moja nyuma ya jingine, meusi kwa moshi. Ni yeye aliyeyaita. Alileta namba ili watoto watolewe, na namba ile ile ikawaletea malori. Kufikia Ijumaa mashine ilisoma mia tatu na kumi na mbili, na nusu ya darasa la Semeni walikuwa wakikohoa kwa zamu, kama vile wameitana.

*

Alikwenda wizarani mwenyewe. Walimweka kwenye benchi siku mbili, siku ya tatu akapelekwa kwa Afisa Itifaki, Bwana Kasembe, kijana mwembamba mwenye tai ndefu na kalamu nne mfukoni. Ofisi yake ilikuwa na baridi kali. Nje ya dirisha magari ya waziri yalinguruma bila dereva ndani, maana Mheshimiwa hapendi kuingia kwenye gari lenye joto, na haijulikani ataingia lipi.

"Namba kubwa ni mbaya," Kalunde alieleza. "Kadiri inavyopanda, watoto wanaumia. Ikivuka hamsini, sheria inasema shule ihamishwe. Ipo mia tatu."

Bwana Kasembe alimsikiliza kwa adabu zote. Akaandika, akafuta, akaandika tena. Kisha akainua uso uliojaa huruma, ila huruma yenyewe haikuwa kwa watoto.

"Dakta, unataka nimwambie Mheshimiwa kwamba alitoa cheti kwa sumu?"

"Nataka umwambie ukweli."

"Huo nitamwambia. Ila utafutiwe siku yake." Akafungua jalada jingine. "Halafu hii habari ya mshale. Mheshimiwa ameiona. Anasema watoto wa Katikati hawajafundishwa kupuliza."

Kalunde alikusanya karatasi zake, akatoka.

Jumatatu shuleni alifika koplo mstaafu wa bendi ya polisi, mpiga tarumbeta, kufundisha somo jipya la Kupuliza. Lilipangwa saa nne hadi saa sita, badala ya hesabu. Koplo alikuwa mtu mwema. Siku ya kwanza alitoa mfano, akavuta pumzi ndefu ya kipilefti, akakohoa dakika kumi, na siku ya tatu hakuonekana. Wizara ikaandika kwamba somo limefanikiwa.

Kalunde akafikiria kuacha. Angeweza kurudi hospitalini, akafunga dirisha, akatibu mmoja mmoja anayeletwa. Lakini kibali chake cha kwanza kilisema mtafiti akijitoa, namba zake zote zinafutwa na eneo halitapimwa tena kwa miaka kumi. Semeni angekuwa na miaka kumi na tisa, kama angefika. Basi akakaa. Aliingia kila alfajiri na watoto wale mia nne na kumi na mbili, na lango lilipofungwa nyuma yake alihisi limefungwa na kufuli, ingawa halikuwa na kufuli. Nani angetoka, na atoke aende wapi? Njia nane za magari zilitosha.

Hatimaye barua ikaja. Ripoti itapokelewa rasmi tarehe ishirini, papo hapo shuleni, na Mheshimiwa Waziri mwenyewe. Ili kuondoa utata wa namba, mashine itasomwa mbele ya mgeni rasmi, na kipimo kitakachoonekana saa hiyo ndicho kitakachokuwa kipimo cha shule. Kalunde aliisoma mara mbili. Moyo ukamdunda kwa furaha. Waje tu! Waje waisome wenyewe mia tatu na kumi na mbili, mbele ya kamera, nani ataikana?

Alikuwa mwanamke mwenye akili, lakini hakuwahi kufanya kazi itifaki.

*

Mgeni rasmi anapopita Kwetukuzuri, barabara hufungwa. Kila mtoto wa nchi ile anajua, na Kalunde alijua pia, ila alijua kama mtu anavyojua kwamba kuna siku atazeeka. Tarehe ishirini, saa moja asubuhi, mara tu watoto walipovuka, ving'ora vililia na askari wakazifunga barabara zote nne. Gari la mwisho likapita. Kisha ikawa kimya.

Watoto walitoka madarasani mmoja mmoja, wakasimama uwanjani. Tangu wazaliwe hawajausikia mji wao bila magari. Mwalimu Mkuu Ligembe alitoa amri ya mstari kwa sauti yake ya kawaida, na wanafunzi wa mbele wakaziba masikio. Mmoja wa darasa la kwanza akauliza kama ni vita.

Kalunde alikuwa amepiga magoti mbele ya mashine. Saa mbili ilisoma mia mbili. Saa tatu, themanini. Upepo mdogo ulipita, wa kwanza usio na moshi, naye akatamani kuuzuia kwa mikono. Arobaini na tano. Ishirini na mbili. Saa tano na nusu kioo kilisoma kumi na moja, kikatulia hapo.

"Hongera, Dakta," alisema Bwana Kasembe, aliyefika na fomu zake na zulia jekundu. "Hewa safi kama ya vilimani. Mheshimiwa atafurahi, maana sasa nimemweleza kwamba ndogo ndiyo nzuri. Umeona? Nilikwambia ukweli utafutiwe siku yake."

"Fungua barabara," Kalunde alisema. "Fungua nusu saa tu, kisha usome."

"Nifungue barabara anayopita mgeni rasmi?" Kasembe alicheka kwa staha. Aliamini kabisa kwamba Dakta anamtania.

Ilikuwa wakati huo Mwalimu Ligembe alipomwita. Kwa siku nne mfululizo watoto walikuwa wamefanyishwa mazoezi ya wimbo wa kumpokea waziri, katika moshi wa malori, na usiku wa kuamkia siku ile kuta za darasa zilikuwa zimepakwa rangi ya mafuta ambayo bado ilinuka. Semeni, kwa kuwa ndiye msomaji bora, alichaguliwa kusoma risala. Alikuwa ameanza kuirudia kimoyomoyo, akakaa chini, na hakuweza kuinuka.

Kalunde alimfikia mbio. Midomo ilikuwa imeanza kupoteza rangi, mabega yakipanda na kushuka, na shingoni ngozi ilikuwa ikizama kwa kila pumzi. Akampulizia dawa mara nne, akangoja, akampulizia tena. Mlio wa kifuani ukawa unapungua, na Kalunde alijua vizuri kwamba si dalili njema: hewa ilikuwa haipiti. Alihitaji oksijeni, na oksijeni ilikuwa hatua mia mbili.

Alimbeba hadi langoni. Mbele yake barabara ilikuwa tupu kabisa, njia zote nane, haina hata baiskeli. Mtoto wa miaka mitatu angeweza kuivuka peke yake. Ng'ambo alimwona mama yake Semeni amesimama nyuma ya kamba ya polisi, karai chini, mikono kichwani.

"Simama hapo!" alisema askari. "Barabara imefungwa."

"Mtoto anakufa!"

"Pole sana, mama. Lakini imefungwa."

Bwana Kasembe alikuja akitembea haraka, kwani alikuwa na moyo, tena mzuri. Alitoa fomu mfukoni. "Ipo njia," alisema. "Fomu ya Kuvuka Barabara Iliyofungwa. Andika jina la mtoto. Hapa andika sababu."

Kalunde akaandika: amekosa hewa.

Kasembe akasoma, akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Hii haitapita, Dakta. Amekosaje hewa mahali penye kumi na moja? Ugonjwa wa hapa unashughulikiwa hapa hapa, kanuni ndivyo isemavyo. Ugonjwa wa kutoka nyumbani ndio unaoruhusiwa kuvuka. Lakini ili uwe wa kutoka nyumbani, lazima kwanza ithibitike kwamba hewa ya hapa haina neno." Akageuza ukurasa wa ripoti, ule wenye nafasi ya sahihi ya mtaalamu. Juu yake ilishapigwa chapa: Kipimo cha shule, kumi na moja. "Ukisaini hapa, naandika ugonjwa ni wa nyumbani, na mtoto anavuka sasa hivi."

Kalunde alimtazama usoni kutafuta uovu, angalau apate wa kumchukia. Hakuuona. Kijana yule alikuwa akimsaidia.

Nyuma yake walikuwa wamesimama watoto mia nne na kumi na moja kwenye mistari, wakisubiri kuimba. Miezi tisa ya kazi, mbio za vibali kumi na vinne, sheria iliyokuwa ikiwangoja kwenye kabati. Kila kitu kilisimama juu ya sahihi ile, na ikishawekwa kwenye kumi na moja haitatolewa tena. Mikononi mwake Semeni alivuta pumzi iliyokuwa kama si pumzi. Kalunde akahisi amebanwa pande zote, asiwe na hata upenyo wa kupitisha wazo. Alimlaani Kasembe, akalaani na ile siku aliyofungua kitabu cha sheria.

Akasaini.

"Nashukuru," alisema Kasembe, akapuliza filimbi. "Ila wewe huruhusiwi kutoka, Dakta. Mtafiti anampokea mgeni rasmi."

Basi aliyemvusha ni Mwalimu Mkuu Ligembe. Mzee yule, ambaye hakuwahi kuchelewa, kubisha wala kuvua tai siku ya kazi, alivua viatu, akamchukua Semeni kifuani, akakimbia njia zote nane, soksi zake zikipiga lami, na barabara yote ile kubwa ikiwa yake peke yake. Kalunde alihesabu hatua mpaka alipoona mlango wa hospitali umefunguliwa.

Waziri alifika saa nane. Kwa kuwa ratiba ilikuwa imebana, hakushuka. Msafara wa magari kumi na moja ulizunguka kipilefti mara mbili, watoto wakaimba, dirisha likashuka kiasi cha mkono, ripoti ikaingia, na dirisha likapanda. Itifaki ilizingatiwa. Dakika kumi baadaye barabara zilifunguliwa, na malori ya saruji yaliyokuwa yamerundikana tangu asubuhi yakaingia yote kwa pamoja.

*

Semeni alipona, kama tunaweza kuita hivyo. Alikaa hospitalini siku kumi na sita.

Kalunde aliandika barua ya kukana sahihi yake. Wizara iliipokea kwa uzito unaostahili, ikaipeleka kwa wataalamu wa maandishi, ikamjibu ndani ya wiki. Sahihi iliyo kwenye ripoti imelinganishwa na sahihi iliyo kwenye barua ya kuikana, na zimeonekana kuwa za mkono mmoja. Hivyo sahihi yake ni halali, na anashukuriwa kwa kusaidia kuithibitisha. Akaandika ya pili. Majibu yalikuwa yale yale, ila safari hii walimpa hongera kwa kuwa na mwandiko usiobadilika.

Kisha serikali, ambayo kweli inawajali watoto, ilikaa ikatafakari. Shule yenye hewa ya kumi na moja katikati ya mji ni hazina ya taifa. Haifai iwe ya watu wachache. Likatoka tangazo kwamba watoto wote wenye vifua dhaifu, kutoka kila mkoa, wahamishiwe Shule ya Msingi Katikati ili wapumzishe mapafu yao. Walikuja na mabasi, mia sita na hamsini, wadogo wadogo, kila mmoja na chupa yake ya dawa na mlio wake kifuani. Madarasa hayakutosha, wakajengewa mabanda kando kabisa ya barabara, mahali penye upepo wa magari.

Semeni naye alirudishwa. Mama yake alijaribu kumficha, akatishiwa kesi ya kumnyima mtoto hewa safi. Na kwa kuwa wagonjwa wengi hivyo walihitaji mtaalamu, Dakta Kalunde aliteuliwa kuwa msimamizi wa mapafu wa shule, wadhifa wa maisha, usio na kipengele cha kujiuzulu. Alisoma barua ya uteuzi mara tatu akitafuta mlango, hakuuona.

Asubuhi ya kwanza walivuka pamoja, ameushika mkono wa Semeni, dakika nne za trafiki zikihesabiwa nyuma yao. Juu ya lango palikuwa na bango jipya refu, la bluu, lililotazama njia zote nane ili kila dereva alione. Semeni alisimama chini yake akiinua shingo. Alifurahi. Hakuwahi kumjua mtu ambaye jina lake limeandikwa kubwa namna ile.

"Dakta, ni wewe! Subiri nikusomee."

"Twende ndani, mwanangu, lori linakuja."

"Subiri kidogo." Akajiweka sawa kama siku ya risala, akaanza kwa sauti: "Vuta pumzi bila hofu. Hewa hii imethibitishwa na Dakta Kalunde..."

Hapo akaishiwa. Akaushika mlingoti wa bango kwa mikono miwili, akainama, akahema mara tatu, mara nne. Kalunde alikuwa amesimama karibu yake na dawa mkononi. Kisha mtoto akainua uso, akatabasamu kumwomba radhi kwa kukatiza, akamalizia jina.